Bunduki Iliyookwa Saunani

Mume wangu, Verner Niska, ndiye mwindaji wa hatari kuliko wote huku kaskazini mwa Michigan! Simsifu. Natoa tahadhari.

Kulungu hawamwogopi hata kidogo. Nadhani wakimwona anakuja wanaitana: "Jamani njooni, yule bwana wa mwaka jana karudi!" Wanaoishi kwa hofu ni oveni yangu, vitambaa vyangu vya meza, paka, na mimi niliyemzalia mtoto.

Ugonjwa wake ni mmoja. Ananunua bunduki za kuwindia zinazotoka ng'ambo, halafu anazibadilisha. Wanaume wengine hukusanya stempu, wengine hunywa. Wangu anafungua skrubu.

Na bunduki zenyewe, maskini, zinafika kutoka Urusi na adabu zao. Kitako cha mti, mtutu, kifyatulio, basi. Ni kama shangazi wa shamba: urembo hana, kazi anafanya. Mtu mwingine angeifuta grisi, akaingia porini, akarudi na nyama ya majira yote ya baridi.

Verner? Thubutu! Anaizunguka bunduki kama mshenga aliyepewa posa ngumu. Anakunja uso. Anaguna. "Hii," anasema, "ina uwezo mkubwa ndani yake. Wenyewe hawakuuona."

Warusi nchi nzima hawakuuona, Verner Niska kauona akiwa gereji kwake!

Basi anang'oa kitako cha mti na kuweka cha plastiki kinachokunjika. Anaongeza mshikio wa mbele. Anaongeza miguu miwili ya kusimamia, tochi, darubini ya mchana, na ubavuni darubini ndogo ya jioni. Sheria inataka ukibadilisha bunduki ya kigeni namna hiyo uitie vipande vya humu nchini, na kwa kutii sheria Verner hana mchezo. Alitii mpaka kilichobaki cha Kirusi kikawa harufu.

"Sasa ina uzito gani?" nilimwuliza siku moja.

"Uzito si hoja, Mama Kaisa. Uzito ni utulivu."

Nanga nayo imetulia. Sijaona mtu akiibeba begani kwenda kuwinda.

Msimu uliopita ndio ulionimaliza. Aliingia peke yake kwenye kinamasi cha mierezi na lile dude lake. Ile miguu miwili ikanasa kwenye mizizi, naye akazama matopeni hadi kiunoni. Mwenye akili angeiachia bunduki akatoka. Verner alikataa kuiachia! Jua likazama, theluji ikaanza, na mimi nimesimama dirishani na kikombe cha kahawa iliyopoa, napanga maneno ya kumwambia binti yangu Kaisa kwamba baba yake amekufa akiwa amekumbatia tochi.

Watu wa zimamoto ndio waliomvuta. Aliletwa nyumbani akiwa na rangi ya samaki wa kwenye friza. Neno lake la kwanza?

"Bunduki haikuingia maji!"

Mtaniuliza kwa nini anawinda peke yake, na huku kwetu kila mwanamume ana kambi yake ya mawindo, kibanda msituni chenye vitanda na jiko, wanakokaa pamoja, wanahesabiana jioni nani karudi na nani bado. Verner alikuwa na kambi. Wenzake walimtoa kwa upole. Walimwambia kitanda chake kimevunjika. Mwaka uliofuata aliuliza, akaambiwa kitanda bado hakijapona.

Si kwamba ni mtu mbaya. Ila wenzake wakitaka kulala, yeye anataka kuwaeleza kuhusu kifyatulio.

Basi nikajiapiza. Mwaka huu Verner haingii msituni peke yake. Atapata kambi yenye watu, au nitaficha buti zake, tuone kama kuna mtu anayewinda na soksi.

Mungu naye hamtupi mama mwenye wasiwasi. Kaisa alikuwa ameolewa kwa kina Palosaari, na kambi ya Palosaari ni kambi ya watu wazima. Baba mkwe wake, mzee Tauno, hana makuu na hana maneno. Maneno anayotumia mwaka mzima yanaenea kwenye kiganja na nafasi inabaki. Bunduki yake ni ya marehemu baba yake, kitako kimefungwa waya, na kila msimu nyama inapatikana.

Kaisa akanipigia simu.

"Mama, baba yuko wapi?"

"Gereji. Anapaka kitu."

"Sawa, nisikilize. Kambini kwa baba mkwe kuna kitanda kimoja wazi. Nimemwombea baba. Mzee hakukataa."

"Alisema nini?"

"Alisema 'mm'."

"'Mm' ya ndiyo au 'mm' ya hapana?"

"Mama, ilikuwa 'mm' ya kati! Kasema watakuja kwenu Jumamosi jioni, mwoge sauna, mle, amtazame baba. Sasa nakuomba, Mama, kwa jina la Mungu. Baba asizungumzie bunduki."

"Mwanangu, unaniomba nimzuie jogoo asiwike."

"Mfunike kapu!"

Nikakata simu, nikaenda gereji. Verner alikuwa amesimama mbele ya bunduki yake na vikopo vya rangi: kijani, kahawia, kijivu. Alikuwa anaichorea majani ya mwerezi, moja moja, ulimi umetoka nje kama mtoto wa chekechea.

"Verner, mkwe Tauno anakuja Jumamosi. Kuna kitanda kambini kwake."

Kikopo nusura kimdondoke. "Kambi ya Palosaari? Mimi?"

"Wewe. Ukinyamaza."

"Mama Kaisa, hiyo ni kama kuitwa ikulu!" Macho yakamlengalenga, kweli kabisa. Nikamhurumia. Nilijua lile neno la kitanda kisichopona lilikuwa limemkaa rohoni. "Nitakuwa kimya kama kaburi. Nitaitundika tu ukutani. Ataiona mwenyewe. Ataniuliza, nami nitajibu kwa kifupi."

Jibu fupi la Verner kuhusu bunduki nimewahi kuliokea mkate, ukaiva, nikautoa, bado linaendelea!

Tatizo lilikuwa rangi. Rangi ile, kopo linasema, haishiki mpaka iokwe. Na oveni yangu Verner haruhusiwi kuisogelea. Krismasi iliyopita alioka humo kipande cha bunduki bila kuniambia, na mimi bila kujua nikaoka mkate wa iliki baada yake. Mchungaji wetu alikula vipande viwili, akatutazama kwa macho yaliyolegea, akasema anajisikia karibu sana na mbinguni. Tulimfungulia madirisha.

Kwa hiyo oveni ilikuwa marufuku. Nilidhani hapo nimeshinda. Nimekaa na huyu mwanamume miaka yote hii, bado nadhani vitu!

Jumamosi mchana nilikuwa jikoni nakanda unga wa pasti, zile za nyama, viazi na karoti, ambazo mtu wa huku akizikosa huhesabu siku hiyo hakula. Dirishani naona uwanja wote, barabara, na kule nyuma sauna yetu, kile kibanda cha kuogea mvuke. Nikamwona Verner akipita na ubao mrefu, ameukumbatia kwa mikono miwili, juu yake kitu kimefunikwa shuka kama maiti wa tajiri. Anaelekea saunani.

Nikatoka na unga mikononi.

"Verner! Hicho nini?"

"Kipi?"

"Hicho chenye umbo la bunduki!"

Akasimama. "Mama Kaisa, kopo linasema joto. Halikusema joto la wapi."

"Kopo linasema oveni."

"Oveni ni nini? Ni sanduku la joto. Sauna ni nini?"

"Ni mahali pa heshima, baba yako alizaliwa humo kama wazee wote wa huku! Mkwe wako anakuja kuoga humo!"

"Wanakuja saa kumi na mbili. Saa kumi na moja itakuwa imeiva, nimeitoa, nimefuta benchi, nimeitundika. Hata harufu hatasikia."

Nilifunua shuka, nikahakikisha kwa macho yangu kwamba darubini na tochi zimetolewa na hakuna risasi hata moja humo wala karibu. Nikakagua mara ya pili. Mimi ndivyo nilivyo. Kisha nikamwacha, maana pasti hazijifungi zenyewe, na kosa langu lilikuwa hapo.

Akakoleza moto, akailaza bunduki benchi la juu kabisa, kwenye joto kali, akafunga mlango. Bomba la sauna likaanza kutoa moshi, mweupe, mnene, umenyooka juu ya miti kama kidole kinachomwita mtu.

Na hapo, wenzangu, ndipo Verner alipojisahau yeye ni nani na anaishi wapi.

Huku kwetu mlango wa mbele ni wa watu wa bima. Mgeni wa kweli hapigi hodi. Anatazama bomba la sauna. Likitoa moshi, ameitwa. Na akikuta imewashwa mapema, anajua mwenyeji amemheshimu, kwa hiyo haendi kwanza kusumbua watu jikoni na salamu. Anakwenda kuoga. Salamu zinafuata akiwa safi. Kwa mzee kama Tauno hiyo ni zaidi ya sheria.

Saa kumi kamili, gari la Palosaari likaingia uwanjani. Saa mbili kabla ya wakati!

Mama mkwe wa Kaisa, Elma, akashuka na sinia la keki. Kaisa akashuka. Tauno akashuka, akainua uso, akatazama moshi. Nikamwona akitikisa kichwa taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyesomewa shairi zuri. Akachukua kitambaa chake cha kitani cha kukalia, akakitia kwapani, akaelekea saunani.

"Verner!" nikaita. "Vernerrr!"

Verner alikuwa ametoka chumbani na shati jipya, na tayari alikuwa amemkamata Elma mlangoni.

"Karibu sana, mkwe, karibu! Lete sinia nikupokee. Unajua, mkwe, watu wengi wanadhani bunduki ya Kirusi…"

"Verner, mkwe Tauno ameingia sauna!"

"Vizuri sana! Ajisikie yuko kwake. Sasa mkwe, kitako cha plastiki kina siri moja…"

"Baba," Kaisa akasema kwa meno yaliyobana, "ulituahidi!"

"Sijamwambia Tauno, namwambia mama yako mkwe!"

"Verner Niska!" Nilipiga meza, unga ukaruka. "Ndani ya sauna kuna nini?"

Akanitazama. Nikaona fahamu zikimrudia taratibu, kama maji yanayopanda kisimani. Mdomo ukabaki wazi. Halafu akatoka mbio, kwa soksi, kwenye theluji, sinia la keki bado limo mkononi!

Nami nikamfuata. Mwanamke haingii wanaume wakiwa saunani, lakini hakuna sheria inayomkataza kusimama mlangoni na kupata presha.

"Mkwe!" Verner akagonga mlango wa ndani. "Mkwe Tauno! Umekaa?"

Tukasikia maji yakimwagwa juu ya mawe. Chaaaaa! Mvuke ukapenya kwenye nyufa za mlango, na harufu ya rangi ndani yake.

"Nimekaa," ikasema sauti ya Tauno, imetulia.

"Benchi la juu?"

"La juu."

"Mkwe, nakuomba… kuna kitu hapo. Usisogee! Haijakauka!"

Akamwaga maji mengine. Chaaaaa!

"Nilidhani ni ubao wa wageni," Tauno akasema. "Una maumbo."

Humo ndani ni kigiza, dirisha ni la ukubwa wa kitabu, na mvuke ni mvuke. Mzee wa watu alikuwa ameona kitu kirefu kimelazwa benchini, akatandika kitambaa chake juu, akaketi. Na mzee Tauno si mtu mwepesi. Kitako juu ya kitako, wenzangu, na joto juu yake!

"Simama taratibu, mkwe," Verner alisema. "Taratibu, majani yasiharibike."

"Majani gani?"

"Nimechora majani."

Nikasikia benchi likilia. Nikasikia mlio mwingine, mrefu, kama plasta inayobanduliwa kwenye goti lenye nywele.

"Verner," ikasema ile sauti, sasa ikiwa juu zaidi, maana alikuwa amesimama. "Bado nimekaa."

"Vipi, mkwe?"

"Nimesimama. Lakini bado nimekaa."

Bunduki ilikuwa imemfuata! Joto la sauna halikutosha kuioka ile rangi. Lilitosha kuifanya gundi. Verner akaingia, mlango ukafungwa, nikasikia mnong'ono na mvutano.

"Shika ukuta, mkwe. Navuta upande wa mtutu."

"Vuta."

"Pole. Sasa naja upande wa kitako."

"Kipi?"

"Cha bunduki, mkwe!"

Hapo nikarudi jikoni mbio. Mwanamke mwenye heshima hangoji kuona mkwe wake atakavyotoka. Kaisa alikuwa amejifunika uso kwa taulo la sahani. Elma alikuwa ameketi na kikombe chake cha kahawa, mtulivu, anatazama nje. Watu wa huku wakitoka saunani hujitupa kwenye theluji, na mara mlango wa sauna ukafunguka, Tauno akatoka kwa hatua za kawaida, kama mtu asiye na tatizo lolote duniani, akatugeuzia mgongo na kuanza kujisugua kwa theluji kwa nguvu zisizo za kawaida.

Mimi niligeuza uso. Haya, niligeuza baadaye kidogo.

Elma akasogeza kiti karibu na dirisha. Akavaa miwani.

"Mama Kaisa," akasema taratibu, "mume wangu ameota mierezi."

Na kweli! Rangi ilikuwa imepenya kitambaa ikahamia kwa mwenyewe. Kuanzia kiuno kushuka, ubavu hadi ubavu: majani ya kijani, matawi ya kahawia, na katikati umbo la kifyatulio, limetoka safi kuliko picha ya pasipoti.

"Nimeolewa naye tangu ujana," Elma akaendelea, "sijawahi kumwona amevaa mapambo."

Nyuma yake akatoka Verner, ameibeba bunduki. Kile kitako cha plastiki kilikuwa kimelegea kwa joto na uzito wa Palosaari, kikapinda chini kama ndizi. Bunduki yenyewe imeinamisha nyuma yake kama mbwa aliyekemewa. Na Verner, badala ya kuomba radhi, tunamsikia anamfariji mkwe wake kwa sauti ya fahari:

"Usihangaike kusugua, mkwe! Rangi hii haitoki! Petroli haiitoi! Ndiyo maana ina bei!"

Nilikaa chini. Nilikiona kile kitanda cha kambini kinaondoka, kinapaa juu ya miti pamoja na moshi. Nikauona msimu unakuja, Verner yuko kinamasini peke yake, mimi niko dirishani peke yangu.

Tulikula. Yaani sisi tulikaa tukala. Tauno alikula amesimama, ameegemea kabati. Hakuna aliyemwuliza sababu. Kilichosikika ni vijiko tu, na Kaisa kumkanyaga baba yake chini ya meza kila alipovuta pumzi ya kuanza sentensi.

"Mkwe, kama ingekuwa na joto zaidi kidogo…" Verner akaanza.

Kaisa akakanyaga. "Aah!"

Tauno alimaliza pasti ya kwanza. Akachukua ya pili, akaigeuza, akaitazama pindo lake lilivyofungwa. Akaimaliza. Akachukua ya tatu. Mtu akinyamaza hivyo mbele ya chakula, mama anajua kumsoma. Uso wake ulikuwa umelegea. Ulikuwa uso wa mtu anayekumbuka kitu na kukikosa.

"Nani kapika?" akauliza.

Nikafungua mdomo niseme "mimi". Elma akawahi kunong'ona, kama anayejisemea: "Maskini, kambini mwaka huu watakula makopo. Mpishi wao magoti yamemkataa, kahamia Arizona."

Nilimtazama Elma. Elma akanitazama. Wanawake wawili waliolea hawahitaji kuitisha mkutano.

"Verner," nikasema.

Verner akageuka. "Nani, mimi?"

"Kapika Verner," nikarudia kwa sauti thabiti. "Zote hizi. Mimi nilimshikia bakuli tu. Mkono wake, mkwe, sijui kautoa wapi. Watu wanatoka mbali kuja kuzila."

Nilijua ninachokifanya. Mume wangu ukimsingizia kosa atakataa mpaka kesho. Ukimsingizia sifa, hana nguvu ya kukataa! Tanga halijawahi kukataa upepo.

Nikaona anapigana na nafsi yake. Akatazama pasti. Akamtazama Tauno, ambaye kwa mara ya kwanza jioni ile alikuwa anamtazama kama mtu. Shingo ikaanza kurefuka. Kifua kikajaa.

"Ah, kawaida tu," Verner akasema. "Siri iko kwenye unga."

Mungu ashukuriwe kwa majivuno! Kaisa akarudisha mguu wake chini ya kiti na kumwacha atambe.

"Unga, na baridi ya mikono. Mkono wa moto unaharibu. Wengi hawajui. Mimi viazi sikati ovyo, nakata kwa pembe. Nyama naiongelesha. Niwaambie ukweli, nikikaa jikoni hata siagi inasimama wima!"

Mtu ambaye hajui chumvi inakaa wapi! Nilimshika Elma mkono chini ya meza tusicheke.

Tauno akasikiliza mpaka mwisho. Akafuta mdomo. Akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema nyumbani kwangu.

"Kitanda ni cha mpishi. Njoo."

Verner akaruka kutoka kwenye kiti. "Mkwe! Hutajuta! Bunduki nitainyoosha kitako, rangi nitaimalizia…"

"Bunduki ya nini?"

"Ya… ya kuwindia, mkwe."

"Mpishi hawindi. Mpishi anapika. Watu wanane, asubuhi na jioni." Akachukua pasti ya nne. "Hizi."

Nilimwona Verner anatafuta mlango wa kutokea. Angesema hakupika, angekuwa mwongo mbele ya mkwe, na kitanda kingeondoka. Angesema alipika, bunduki ingebaki ukutani. Alinitazama mimi. Nami nilikuwa nafunga mabaki ya chakula kwenye karatasi, sina habari.

"Hizi," akasema kwa sauti ndogo. "Naam, mkwe."

Wiki iliyobaki kabla ya msimu nilimfundisha. Yesu wangu! Mtu anayeweza kuchora jani la mwerezi juu ya chuma hakuweza kufunga pindo la pasti. Alitaka kubadilisha kila kitu. Nilimkuta gereji anaufungia ule mti wa kusukumia unga mshikio wa mbele. Nilimnyang'anya. Nikampiga vidole kwa mwiko, akalia, akasukuma upya, mpaka unga ukamtii. Alipoondoka alikuwa anaweza, si vizuri, lakini watu wenye njaa kwenye theluji hawana ukosoaji.

Msimu ukaingia. Sikusimama dirishani. Nilijua jioni ikifika, hata dunia ipasuke, kuna watu wanane watakaouliza Verner yuko wapi, maana wakimpoteza hawali. Nililala usingizi ambao sijaulala tangu niolewe.

Msimu ulipokwisha tukaenda mjini, pale katikati ambapo wawindaji hutundika madume yao ya kulungu kwenye mti mrefu uliolazwa juu ya nguzo, watu waje watazame pembe na wasikie uongo. Kambi ya Palosaari ilitundika madume matatu. Verner alikuwa kati yao, mashavu yamemnona, mikono imejaa alama za moto wa jiko, na kwa kweli alipendeza. Wale wenzake wa zamani, wa kitanda kisichopona, wakamsogelea.

"Ehe, Verner! Tumesikia uko na kina Palosaari. Na lile lidude lako? Limewahi kupiga hata sungura?"

Nikasema moyoni: Verner, nyamaza. Sema ulipika. Kupika si aibu.

Wapi! Shingo ile, nikaiona inarefuka.

"Jamani," Verner akasema, na watu wakakusanyika, "bunduki yangu msimu huu imempata dume zee. Zee, zito, lenye heshima zake! Halikukimbia hatua moja. Limepatwa nyuma, barabara, katikati kabisa, wala halikujua limepatwa na nini!"

"Muongo! Shahidi wako nani?"

Watu wakaangua kicheko. Nyuma yao mzee Tauno akakohoa. Wakampisha, kwa sababu Tauno Palosaari akifungua kinywa, mji mzima husikiliza.

"Kasema kweli," akasema.

Verner akatanua kifua mpaka kifungo cha koti kikaruka.

Tauno akalegeza mkanda wa suruali yake kwa taratibu.

"Alama bado ipo," akasema. "Niwaonyeshe?"